Kamera ya kuazima na mashua ya jaduong'

Kwanza niseme hii kamera ya Fujifilm si yangu, kwa hivyo wale wa kuniomba mkopo mpoe. Ni ya rafiki yangu wa Nairobi, aliinunua ikiwa imetumika, alafu akapata safari ya wiki tatu akaniambia badala ilale kwa kabati yake afadhali ije ilale kwangu Kisumu, bora nisiiangushe ziwani. Akaituma na basi la usiku, imefungwa na sweta mbili ndani ya boksi ya sabuni, na mimi saa kumi na moja alfajiri niko steji nimesimama kama mtu anangojea wageni wa mahari. Boksi ikafika. Nikaipakata kwa boda mpaka nyumbani, nikafungua, kamera hii hapa, lenzi hii hapa, betri iko ndani, chaja hakuna.

Chaja ilibaki Nairobi kwa soketi.

Ingekuwa ni Canon ningeshuka tu Oginga Odinga Street nirudi na chaja ya bei ya maskini, lakini betri ya hii inaitwa NP-T125 na nilipomtajia jamaa wa duka alinicheki kama nimeulizia spea ya meli. Na usifikirie utachomeka waya wa simu, hii haichajiwi ivo. Chaja ikafuata na basi la kesho yake. Kwa hivyo siku yangu ya kwanza na mashini ya pesa zote hizo nilikuwa nayo mezani na betri ya mistari miwili, nawasha, naangalia menyu, nazima haraka, nawasha tena, kama mtoto anaiba sukari.

Jina lake ni Fujifilm GFX 50S. Ilitoka 2017, kwa hivyo si kitu kipya, watu wa mtandao washaisahau wako kwa zile za megapikseli 100. Lakini ilipotoka bodi peke yake bila lenzi ilikuwa dola 6,499, na ukipiga na shilingi 130 hio ni zaidi ya 840,000. Hio ni Probox, ndugu zangu. Probox ambayo ingekuwa inaleta kitu jioni.

Sasa kwa wasiojua, na ata mimi nilikuwa najua nusu nusu, hii ndio inaitwa midiamu fomati. Kamera kubwa za harusi, zile fulfremu, sensa yake, kile kipande kinachoshika picha, ni milimita 36 kwa 24. Hii ni 43.8 kwa 32.9. Ukipiga eneo inakuja kama mara 1.7, haisikiki nyingi kwa mdomo, ni kama nyumba yako ile ile imeongezewa sebule. Nilimpigia baba mdogo kumringia, juu yeye ndiye alinitia kwa hii kazi, alikuwa na studio Nakuru enzi za filamu, zile studio za pazia lenye maporomoko ya maji na simu ya mezani ambayo haijaunganishwa popote. Nikamwambia baba mdogo nimeshika midiamu fomati. Akauliza saizi. Nikamwambia. Akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Yangu ilikuwa sita kwa sita. Sentimita. Hio yenu ata nusu haifiki."

Na ni ukweli, nilienda nikapiga hesabu. Fremu ya sita kwa sita kwa filamu ya 120 ni kama milimita 56 kwa 56. Ata ile ndogo yao ya sita kwa nne na nusu bado inaishinda hii sensa mbali. Kwa hivyo hili jina la midiamu fomati kwa kamera za dijitali za aina hii ni jina la heshima kidogo, kama mtu anaitwa daktari kijijini juu anajua kudunga sindano. Alafu nikagundua kitu kilinifurahisha bila sababu, Kodak walitoa hio filamu ya 120 mwaka 1901, na mwaka huo huo ndio reli ilifika hapa kwetu kukiitwa Port Florence. Sijui nifanye nini na hio habari lakini nimewapea.

Baba mdogo akauliza tena, "Na roli moja ni picha ngapi?" Nikamwambia kadi ya GB 64 inaweza kubeba kama elfu moja. Akanyamaza. Yake ilikuwa 12. Alafu akasema kitu nilikiandika: "Mtu akikaa kwa stuli mwache achoke kidogo kwanza. Ile sura ya kwanza ni ya kitambulisho."

Projekti yenyewe ni hii. Kwa mwaka mzima nimekuwa nikipita upande wa ufuo wa Dunga jioni, na kuna fundi wa mashua pale, mzee, anatengeneza zile mashua za mbao za wavuvi, na kila nikipita naona kazi imepungua. Wateja sahi wanaulizia mashua za faiba. Nilitaka picha zake na za wenzake wawili watatu wa fuo za karibu, kubwa, za kutundikwa ukutani, si za kupakia kwa simu mtu apitishe na kidole. Ndio sababu nilikubali kamera ya watu.

Lakini kabla niende ziwani ilibidi kamera inidharau kwanza nyumbani.

Mimi ni mtu wa harusi na matanga. Canon 6D, megapikseli 20, miaka mingi, na mkono wangu nauamini. Kwa 6D na lenzi ya 50 napiga 1/60 ya sekunde nikiwa nimesimama kwa mguu mmoja juu ya kiti cha plastiki na picha inatoka. Nikachukua GFX na lenzi yake ya 63, ambayo kwa macho ni kama ile 50 ya kawaida, nikampiga jirani wangu akiwa anachambua sukuma wiki mlangoni, 1/60, safi kabisa kwa skrini ndogo. Nikaifungua kwa laptopu asilimia mia. Wueh. Jirani ametikisika kama yuko kwa lori la Ahero. Nikapiga tena, nikashikilia pumzi, bado. Nikadhani lenzi imegongwa kwa basi. Nikaweka kamera juu ya ndoo, nikatumia taima ya sekunde mbili, na hapo kitu ikatoka kali mpaka unaona uchafu kwa kucha za jirani, ambaye aliniambia nifute na nikafuta.

Kwa hivyo lenzi ilikuwa sawa. Shida ilikuwa ni mimi, na nimekuwa hivi miaka yote, ni vile tu 6D ilikuwa inanifichia. Hii ina pikseli 8256 kwa 6192, na kila pikseli ni ndogo kuliko ya 6D, mkono ukisonga kidogo tu mwanga unaruka kutoka pikseli moja hadi ya jirani na hio inaonekana. Na 50S haina ile kitu ya kutuliza sensa ndani ya bodi, wameiweka kwa zingine zilizokuja baadaye. Nikapandisha sheria yangu mpaka 1/250 kwa mkono, na chini ya hapo tripodi. Tripodi yangu ni ile ya elfu tatu, kichwa chake kinaegemea kama mlevi ukikiwekea kilo moja na kidogo, nikaning'iniza chini yake mfuko wa mchanga wa kilo nne na ikatulia.

Mafaili nitayapitia haraka juu yananikasirisha. RAW moja, faili ghafi la picha, bila kukandamizwa inapita MB 100. Laptopu yangu ya RAM 8 ikifungua moja unaweza kwenda kununua mandazi urudi. Nikaweka ile setingi ya kukandamiza bila kupoteza, ikashuka karibu nusu, maisha yakaendelea. Stima ilipotea mara mbili katikati ya kuhamisha. Tuendelee.

Ufuoni sikuanza na kamera. Nilienda kwanza kumwona mwenyekiti wa BMU, kamati inayosimamia ufuo, nikajieleza, alafu nikanunua chai, alafu nikakaa. Watu wa ziwa wamepigwa picha na kila mtu, wa mradi, wa kaunti, watalii wa boti, na swali lao ni moja tu, "Unapeleka wapi?" Ni swali halali. Niliwaambia kila ninayempiga nitamletea picha yake kwa karatasi, bure, na mama mmoja wa samaki, wote wanamwita Nyar Alego, akasema waliomwambia ivo ni kama nane na hajaona karatasi ata ya kufungia omena.

Jaduong', yaani mzee mwenyewe wa mashua, hakuuliza kitu. Aliangalia kamera akasema, "Hio ni nzito." Nikamwambia ndio jaduong'. Akasema, "Mbao nzuri pia ni nzito." Akarudi kwa kazi yake.

Kazi yenyewe wacha niieleze kidogo. Mbao zinapindwa zikashonwa na misumari kwa mbavu za ndani, alafu kila mahali ubao unakutana na ubao panaachwa mwanya mwembamba, na kwa huo mwanya anaingiza pamba. Anaisokota kwa paja kama mtu anasokota uzi, anailaza kwa mwanya, alafu na patasi butu na nyundo anaipigilia ndani, tok tok tok, sauti inabadilika pamba ikishashiba, yeye anasikiliza sauti haangalii. Watu wa pwani wana neno lake, kalafati, hapa tunasema tu kuziba. Juu ya pamba anapigilia ukanda wa bati, misumari midogo imefuatana karibu karibu kama mishono. Mashua ni mamia ya hio misumari. Maji yakiingia yataingia pale mmoja umekosekana.

Siku ya kwanza nikafanya kile kila mtu anafanya akishika kamera ya aina hii, nikafungua apacha, lile tundu la mwanga la lenzi, mpaka f/2.8, nikamsogelea karibu kama mita moja na nusu kupita kidogo, nikampiga uso. Na kweli ni tamu. Jicho kali, ndevu nyeupe moja moja, alafu masikio tayari yameanza kuyeyuka na nyuma yote imekuwa uji. Kwa umbali huo na apacha hio una sentimita chache tu za ukali, mtu akipumua anatoka. Fokasi pia si ya kukimbiza, hii kamera inatafuta kwa kulinganisha utofauti tu, inaenda mbele inarudi nyuma kama fundi wa TV anatafuta stesheni, na jaduong' akiinua nyundo tayari amepotea. Nilipoteza kama nusu ya picha za asubuhi hio kwa nyusi. Nyusi zimetoka kali, macho hapana.

Lakini zilizokaa nilikuwa najivunia kufa. Nikamwonyesha kwa skrini. Akavaa miwani, akaangalia muda mrefu, akauliza akiniita mwanangu kwa Kiluo:

"Nyathina, mbona umefunika mashua yangu na moshi?"

Nikaanza kumweleza mambo ya lenzi, ati hio ndio urembo wenyewe, watu wanalipa pesa nyingi kupata huo moshi. Akanisikiliza kwa adabu. Alafu akasema, "Sura yangu watoto wangu wanaijua. Nionyeshe na kazi."

Nilirudi nyumbani na boda nikiwa nimenuna kidogo, sitaficha. Usiku ndio nikaanza kuona mzee ana maana.

Wiki ya pili nikabadilisha kila kitu. Tripodi na mfuko wake wa mchanga, nikarudi nyuma mita tatu, yeye asimame kando ya mashua ikiwa hatua moja nyuma yake, apacha nikaibana mpaka f/11. Kwa hesabu ukali unaanza kama mita mbili na kitu mbele ya kamera na kwenda kupita mita nne, mzee na mashua wote ndani. Shida sasa ni jua. Hapa tuko karibu juu ya mstari wa ikweta kabisa, na kuanzia saa tatu jua linapanda kasi kuelekea juu ya kichwa, macho ya mtu yanageuka mashimo mawili. Nilikuwa na flashi moja, nikafikiri nitajaza kivuli, kumbe shata ya hii kamera, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga, inakubaliana na flashi ya kawaida mwisho 1/125. Jua la mchana wazi na ISO 100, yaani sensa ikiwa haishiki mwanga kwa pupa, kwa 1/125 linataka karibu f/14. Yaani ukitaka kufungua lenzi ukiwa na flashi ni lazima uwe na kile kioo cheusi cha kupunguza mwanga stopu nne tano (kila stopu inakata mwanga nusu), sina, na kwa f/14 flashi yangu ndogo ni kama tochi ya simu mbele ya lori.

Nyar Alego ndiye aliniokoa. Alikuwa ananiangalia nikihangaika na kadibodi akauliza nataka nini hasa, nikamwambia nataka jua lipungue ukali bila kuwa giza. Akaenda akarudi na neti ya mbu, ile nyeupe, kubwa, ya kitanda, akaikunja mara mbili, wakaifunga na wavulana wawili kwa nguzo za kuanikia na pembeni kwa mti. Jamani. Mwanga ulishuka kama stopu moja hivi, lakini haukushuka tu, ulilainika, ukamzunguka mzee usoni na ile ngozi yake nyeusi ikaanza kuonyesha rangi ambazo sijawahi kuzitoa na 6D, kahawia, zambarau kidogo kwa paji, ka-bluu ka ziwa kwa shavu la upande wa maji. Hapa ndio nitaisifu hii kamera bila aibu. Kwenye vivuli vya ngozi nyeusi, pale 6D hunipa matope na chembechembe nikivuta mwanga juu, hii inavutika na bado kuna kitu ndani. Ningekuwa tajiri ningeinunua kwa sababu hio peke yake na megapikseli wangebaki nazo.

Nilijaribu pia shata ya kielektroniki ile ya kimya, nikidhani haitamsumbua akifanya kazi. Usijaribu. Sensa inasomwa polepole mstari kwa mstari, na nyundo yake ilitoka imepinda kama ndizi mbichi. Ile picha wavulana waliipenda kuliko zote.

Na kuna ile setingi ya fremu ndefu, 65 kwa 24, kama zile kamera za zamani za panorama. Nikapiga nayo mashua nzima kutoka mkia hadi mdomo na magugu ya hayasinti nyuma. Nzuri lakini haikuwa na mtu.

Picha yenyewe niliipata Alhamisi, karibu saa nne. Jaduong' amesimama, patasi mkononi, mashua nyuma yake imekamilika inangoja tu kupakwa rangi. Nikakumbuka maneno ya baba mdogo nikamwacha achoke. Nikajifanya narekebisha tripodi dakika kama tano, nikafungua skrubu nikafunga ile ile. Mwanzoni alikuwa amekaza kidevu kama yuko kwa foleni ya huduma, alafu kidevu kikashuka, uzito ukaenda mguu mmoja, mkono wa kushoto ukajiegemeza wenyewe kwa ubao bila yeye kujua, ule mkono ukijua pa kukaa. ISO 100, 1/125, f/11. Nikabonyeza mara tatu. Ya pili ndio hio.

Sasa kuchapisha. Faili hii kwa nukta 300 kwa inchi inakupa karatasi ya inchi 27 na nusu kwa 20 na nusu bila kuongeza chochote. Mahali nachapishia harusi mwisho wao ni 12 kwa 18. Nikaambiwa kubwa ni kwa watu wa benna, wale wa mabango. Nikaenda kwa watu wa benna, kijana akaifungua kwa kompyuta, mzee akajaza skrini, kijana akaondoa kofia. Kabisa, akaiondoa. Akauliza kwa sauti ya chini, "Poleni sana. Tuandike alizaliwa mwaka gani?"

Nikamwambia yuko hai, nimemwacha saa hii anakunywa uji. Akaomba msamaha lakini bado akauliza kama nataka ile fremu ya maua. Na simlaumu, huku kwetu picha ya mzee ikichapishwa kubwa kuliko sahani ujue kuna hema inafungwa mahali. Nikaogopa kidogo vile jaduong' ataichukulia. Mwishowe nikapata duka lingine lenye mashini ya ramani za wajenzi, wako na karatasi nene isiyong'aa, wakanichapia bila maswali, bei sitaitaja juu mke wangu husoma hapa.

Nikaipeleka Jumamosi imekunjwa ndani ya bomba la plastiki la maji. Nikamtafuta Nyar Alego kwanza nimpe yake, ndogo, akiwa ameshika neti yake. Akaigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimeandikwa, akaigeuza mbele tena, akasema, "Basi wewe ni wa tisa." Akaitia kwa blauzi.

Jaduong' alikuwa ameanza mashua nyingine, mkuku tu umelala chini. Ile ya kwenye picha ilishauzwa, mwenyewe aliichukua Ijumaa. Tukaifungua karatasi juu ya mbao, mimi nimeshika upande huu, kijana wake amelala juu ya upande ule juu upepo wa ziwa ulikuwa unaitaka. Watu wakajaa. Mmoja akasema "Umeuawa na nini jaduong'?" wakacheka, yeye hakucheka. Alivaa miwani. Nilikuwa nangoja aangalie uso wake, nimezoea, mtu wa kwanza kujiangalia kwa picha ni yeye mwenyewe, bibi harusi hujitafuta hata kwa picha ya mama mkwe. Mzee akaruka uso wake kabisa. Akainama upande wa kulia, kwenye mashua, akaweka kidole kwa ukanda wa bati wa tatu kutoka juu, akaanza kutembeza hicho kidole polepole kuelekea nyuma ya mashua. Midomo inasonga. Nikachelewa kuelewa kwamba alikuwa anahesabu.

Vichwa vya misumari kwa hio karatasi ni milimita mbili hivi, unaviona mmoja mmoja. Na sitadanganya, pengine ata 6D ingevionyesha ningeisimamisha kwa tripodi na f/11, lakini sikuwahi kuisimamisha.

Kidole kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama tena pale pale. Akamwita kijana aliyelalia karatasi, "Kuja uone." Kijana akaja, karatasi ikapeperuka, nikaikamata na goti. Pale palikuwa na nafasi. Msumari, msumari, msumari, alafu bati tupu kama upana wa vidole viwili, alafu msumari.

"Hii ni upande wako," mzee akamwambia. Kijana hakujibu.

Jaduong' akatoa simu ile ndogo ya vitufe, akaishika mbali na macho akitafuta namba, akapiga. Ikalia muda. Watu wote kimya, mimi bado niko kwa goti. Akaongea Kiluo mara ya kwanza, haraka, alafu nadhani mwenye mashua hakumwelewa au hakuamini, akarudia kwa Kiswahili, kwa sauti ya kupigia mtu aliye majini.

"Nasema usiende usiku wa leo. Irudishe kesho asubuhi nikuwekee misumari miwili. Hapana, sijaona mashua. Nimeona kwa picha."